Nyota Nyekundu na Jembe la Apolot

Mmeniomba niandike, nyinyi mnaobaki katika chumba cha kompyuta pale Busia, na mimi mtu akiniomba jambo mara kwa mara huwa nachoka kukataa. Mlitaka historia ya kituo. Historia ya kituo siijui. Wakubwa waliokuja na kuondoka wako kwenye picha za ukutani, na baadhi ya picha hizo mchwa wameshazimaliza. Ninachokijua ni kazi: nilivyoingia, nani alinishika mkono, na kisa kimoja ambacho nikikikumbuka nacheka kwanza, halafu namshukuru Mungu. Mkiona nimerukaruka, nivumilieni. Siku hizi naandika asubuhi, na jua likipungua nakwenda shambani hapa Lumino, na vidole vilivyozoea kibodi vinanung'unika.

Sikuingia kazini kama mtu wa kompyuta. Niliajiriwa Tororo kufundisha wasichana kupiga chapa, kwenye zile mashine za chuma ambazo kuihamisha moja ulihitaji wanaume wawili na maneno matamu. Siku katoni za kompyuta zilipofika, mkuu wetu aliniita akasema, "Madam Taaka, hizi nazo zina herufi. Mtu wa herufi ni wewe." Basi. Taaluma yangu niliipata hivyo, nimesimama mlangoni na chaki mkononi.

Pamoja na katoni alikuja Bwana Owora, fundi aliyesomea mambo hayo, Mpadhola mrefu asiyependa maneno mengi. Alizifungua, akaunganisha nyaya, skrini ikawaka. Mimi nikazunguka kile kidude mbele na nyuma, nikauliza, "Sasa karatasi inaingilia wapi?" Angekuwa mtu mwingine angecheka mpaka akae chini. Owora alivuta kiti, akanikaribisha.

"Haiingii," akasema. "Unachoandika kinakaa ndani mpaka ukiite."

"Na nisipokiita?"

"Kitakaa tu. Hiyo ndiyo raha yake, na shida yake ni hiyo hiyo."

Nimefundisha miaka mingi na sijapata kulieleza jambo hili vizuri kuliko hivyo. Nyinyi mnasema hifadhidata, kama vitabu vinavyotaka. Owora alisema ghala, na mimi hadi nastaafu nilisema ghala, kwa sababu kila mtoto wa huku ameona ghala la mtama na anajua kwamba ukitupa humo vitu ovyo, siku ya kuvitafuta utalia.

Alinifundisha kwa mikono. Kwanza kebo. Alinipa koleo la kubana vichwa vya nyaya na furushi la waya, akasema nisirudi kwake mpaka taa ndogo ya kijani iwake. Rangi za nyaya zile niliziimba kwa Kisamia kama wimbo wa kusukia mikeka: chungwa lenye weupe, chungwa lenyewe, kijani chenye weupe. Niliharibu vichwa vingi sana. Kila nikiharibu alikiokota, akakitazama dhidi ya mwanga, akasema, "Karibu." Wee! Neno hilo "karibu" lilinichoma kuliko tusi. Taa ilipowaka nilipiga vigelegele peke yangu ndani ya chumba, na mlinzi akaja mbio akidhani kuna nyoka.

Koleo lile lilivunjika mpini baadaye. Nikamletea nimeinamisha kichwa. Akalifunga kwa mpira wa baiskeli, akanirudishia, akasema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Liko kwenye droo ya meza ya mwisho dirishani, na bado linabana. Msilitupe.

Lakini zawadi yake kubwa ilikuwa mchezo wa dirisha, na vijana waliojiunga karibuni naona wanauona kama utoto. Sikilizeni basi ulivyoanza. Darasa la Tororo lilikuwa na dirisha dogo linalotazama stoo. Owora alipanga stoo kreti tupu za soda. Kila kreti ni kundi moja la vitu: hili la wanafunzi, lile la vitabu. Kila tundu la kreti linabeba kadi moja, kwa maana tundu moja ni mtu mmoja. Kama mwanafunzi ameazima kitabu, unafunga uzi kutoka tundu lake hadi tundu la kitabu. Mwanafunzi mmoja anakaa stoo, yeye ndiye seva. Mwingine yuko darasani, ndiye mteja. Kati yao kuna mwingine anayekimbia na vikaratasi, ndiye mtandao. Na Owora mwenyewe anasimama njiani na fimbo.

Mkimbiaji akifika katikati, fimbo inashuka mbele yake. "Mtandao umekatika!" Mkimbiaji anakaa chini pale pale. Sasa mteja afanye nini? Akituma kikaratasi kingine, pengine kile cha kwanza kilikuwa kimeshafika, na mtu mmoja ataandikwa mara mbili. Asipotuma, pengine hakuandikwa kabisa. Watoto walibishana mpaka jasho, wengine wakagombana kweli kweli, na katika ugomvi huo wakagundua wenyewe kwamba seva lazima ijibu "nimepokea," na kwamba kila kikaratasi kiwe na namba yake. Hakuna aliyewasomea. Waliotoka kwenye mchezo ule waliandika programu za kutumia mtandao kana kwamba wanasimulia jambo lililowapata.

Owora alipostaafu alirudi kwao, na mimi nikahamishiwa Busia kilipofunguliwa kituo hiki. Nilikuja na koleo na kreti za soda juu ya pikapu, watu wakadhani nakwenda kufungua duka. Nilipata wanafunzi wa pande zote mbili za mpaka, kila mmoja na laini mbili za simu, Kiswahili cha kila rangi, na ubishi wa kutosha. Niliwapenda. Nilianzisha pia sheria yangu moja: kozi haimaliziki kwa mtihani wa karatasi. Inamalizika kwa kutengenezea watu wa kweli kitu cha kweli, na watu hao ndio wanaosema kimefaa au hakikufaa.

Sheria hiyo ndiyo iliyokaribia kumrudisha Apolot shambani.

Apolot alikuwa Mteso, ameolewa kwa Wapadhola kule Nabuyoga. Mumewe alikuwa safarini na malori muda mwingi, na mwenye sauti bomani alikuwa baba mkwe. Mzee huyo ndiye aliyemleta kituoni mwenyewe. Alinisalimu vizuri, akakaa kwenye benchi, Apolot akasimama mbali kidogo, amegeuka upande, kama heshima ya ukwe inavyotaka. Mzee hakumtazama hata mara moja alipokuwa akimzungumzia.

"Mwalimu, huyu ni mke wa mwanangu. Anasema anataka kujua hii kazi ya mashine. Mimi nimekubali. Lakini jembe lake nimelitundika ukutani, halijaenda mahali. Watu wakiikubali kazi yake, vizuri. Wakiikataa, atarudi alishike."

"Nimesikia, mzee."

"Yeye pia amesikia," akasema, na akaondoka.

Kila alipopita Busia sokoni alichungulia mlangoni kwetu. Akinikuta aliniuliza habari za mvua, halafu akiaga anasema, "Bado linaning'inia." Apolot aliinamia kibodi kama hakusikia. Jamani, yule mtoto alikuwa na mikono! Fundi kweli. Alikuwa anaona kosa kwenye mistari ya programu kabla mimi sijavaa miwani. Lakini kila nilipomsifu alinijibu kwa sauti ya chini, "Asante Madam, ila jembe liko ukutani."

Kozi yao ilipofika mwisho, kituo kimoja cha afya upande wa ziwani kilituomba tuwatengenezee programu ya wajawazito. Mama akija kliniki aandikishwe, na taarifa zake zifike hospitali kubwa kwa mtandao, ili siku ya uchungu asifike kama mgeni. Apolot alishika kazi ya fomu, yaani kurasa ambazo sista angejaza. Ghala lilishikwa na Barasa, kijana wa Busia ya Kenya, mcheshi, anayeongea kwa kasi ya bodaboda.

Barasa alikuwa na wasiwasi mmoja wa haki. "Madam, hapa kina Nafula wako wengi ile mbaya," akaniambia. "Na namba ya simu haisaidii, leo mtu ako na laini ya huku, kesho ya ng'ambo. Tutamjua Nafula yupi kwa nini?" Wakaamua kila mama afungwe uzi kwenye boma lake. Fomu ikawa na nafasi: Jina la mzee wa boma. Na mbele ya nafasi hiyo wakaweka nyota nyekundu, ile alama ya kusema usipojaza hapa programu haisongi. Barasa, kwa ujanja wake, akaizuia pia isikubali neno "Mzee" peke yake, maana wavivu darasani walikuwa wanaandika hivyo.

Tuliijaribu vizuri. Kila mmoja alijiandikisha mwenyewe kama mjamzito, wanaume pia, tukacheka sana. Apolot alijiandikisha yeye na boma la Nabuyoga, akafuta, akarudia, siku nyingi. Haikukwama hata mara moja. Tukapakia kompyuta na betri, tukaenda.

Sista pale kituoni alikuwa Sista Grace, dada mzuri wa magharibi ya nchi, mgeni wa desturi za huku. Akina mama walijaa barazani. Wa kwanza akaketi. Jina, sawa. Umri, sawa. Kijiji, sawa.

"Mzee wa boma ni nani?"

Mama akageukia wenzake benchini.

"Mama, jina la mzee wa boma."

"Si yule baba wa mume wangu."

"Ndiyo. Anaitwa nani?"

"Anakaa nyuma ya kanisa."

"Jina, mama!"

Yule mama akatazama sakafu. Walio nyuma nao wakatazama sakafu, benchi zima, kama watu walioambiwa wasali. Hapo ndipo nilipoelewa. Huku kwetu, uwe Msamia, Mpadhola au Mteso, kila watu na namna yao, lakini mke wa mtu hamtaji baba mkwe wake kwa jina. Utamwita baba, utamwita mzee, utazunguka kanisa na mto na mti, lakini jina lenyewe halipiti mdomoni mwako. Mimi sikuolewa, ulimi wangu haukuwahi kufungwa na mtu, ndiyo maana halikunijia. Sista akajaribu kuandika "Mzee." Programu ikakataa, nyota ikawaka nyekundu zaidi. Barasa akajikuna kichwa.

Daftari la zamani la kliniki lilikuwa na swali hilo hilo. Tofauti ni kwamba daftari halina ubishi: sista akiacha pengo, ukurasa unafunguka tu. Mashine yetu ilisimama kama punda darajani. Mama wa kwanza akaondoka. Wa pili akataja jina la uongo, na wenzake wakaguna. Wa tatu alikuwa mjamzito wa siku za mwisho mwisho, anaitwa Nabwire. Aliulizwa mara mbili, akajifunga kitenge chake vizuri, akanyanyuka, akatoka nje akishika njia ya kwao.

Apolot akatupa kila kitu akamfuata. Na mimi nikafuata, na magoti yangu haya. Niliwakuta njiani pale watu wanapoanika karanga.

"Dada, nakuomba urudi," Apolot alikuwa anasema. "Ni swali moja tu."

Nabwire akamtazama juu mpaka chini. "Wewe umeolewa?"

"Nimeolewa. Nabuyoga."

"Basi mtaje mzee wako. Mtaje nisikie. Ukimtaja, mimi narudi, na wale wengine nitawaambia warudi."

Nilimwona Apolot akifungua mdomo. Alijua kabisa kilichokuwa mbele yake: jina moja tu, na foleni ingerudi, na kazi ingepokelewa, na jembe lingeota kutu ukutani. Mzee mwenyewe alikuwa mbali Nabuyoga, asingesikia. Akafungua mdomo mara ya pili. Machozi yakamjaa. Akaufunga.

"Siwezi," akasema.

"Haya," Nabwire akasema, tena kwa upole. "Sasa mimi ningewezaje?"

Namshukuru Sista Grace, alitufuata na daftari la zamani kwapani, akamwandika Nabwire pale pale kando ya karanga, akamsihi asiache kuja. Sisi tulirudi barazani kuonana na mwenyekiti wa kamati ya kituo, mfanyabiashara wa samaki wa Majanji, mtu asiyezunguka.

"Mashine ya kufukuza wajawazito mimi sitaki," akasema. "Mkuje siku ya kliniki ingine, mara moja tu. Ikiwafukuza tena, mnabeba vitu yenu."

Tukaingia garini kurudi Busia. Halafu Apolot akaanza kusema, uso umeelekea dirishani. "Madam, mimi nilimwandika. Nimemwandika mara nyingi sana, kila tulipojaribu."

"Najua, mama."

"Kwa vidole. Vidole havina shida. Sikuwahi kumtaja."

Hapo ndipo kosa letu lilipokuwa. Darasani kila mtu alijiandikia mwenyewe, kimya, kwa mkono wake. Kule kituoni mkono ni wa sista na mdomo ni wa mama. Programu nzima tuliijaribu bila mdomo. Angekuwepo Owora asingetukaripia. Angesema, "Karibu."

Kesho yake sikuwaruhusu kugusa kompyuta. Nikatoa kreti za soda. Barasa akanuna, "Ai, Madam, na deadline ya kliniki inatukaba?" Nikamwambia afunge mdomo aufungue nitakapomwambia, kwa kuwa leo kazi ni ya midomo. Tukacheza mchezo wa dirisha kama zamani, ila safari hii kila kitu kisemwe kwa sauti, na kila mtu awe yule atakayekuwa. Barasa awe sista. Apolot awe mama mjamzito. Tukamfunga mto tumboni, angalau akatabasamu.

"Mzee wa boma?" Barasa akauliza.

Apolot akatazama sakafu. Tukajaribu kumwuliza jina la mume: haikutosha, mzee mmoja ana wana wengi. Tukajaribu kumwambia aandike mwenyewe: mama wengine hawakusoma. Tukajaribu kuifuta kabisa ile nafasi: nyuzi zote zikaning'inia, kina Nafula wakachanganyika ndani ya kreti, hospitali isingejua imepokea nani. Mchana ukatukuta pale pale, njaa inauma.

Barasa alipochoka akaanza utani. Akachukua kreti ya maboma ya Nabuyoga, yenye kadi alizoandika Apolot kwa mkono, akaanza kutoa kadi moja moja na kuzisoma kwa sauti ya mnadani, akimchokoza mwenzake. "Ni huyu? Huyu je? Labda huyu mwenye ng'ombe?" Apolot alikuwa ameegemeza shavu mkononi, kachoka. Barasa akasoma kadi nyingine. Apolot, bila kufikiri, akaitikia kwa kichwa.

Nikainua mkono.

"Rudia," nikasema.

Barasa akasoma tena lile jina, polepole sasa. Apolot akaitikia tena kwa kichwa, akaruka kutoka kitini na mto wake tumboni. "Asitaje! Madam, mama asitaje! Sista si mkwe wa mtu. Sista asome, mama aitikie!"

Lo! Nilicheka mpaka nikashika meza. Sisi tulikuwa tunamtaka mama ajaze ghala, na kumbe ghala lingeweza kujazwa kwanza. Wenyeviti wa vijiji wanayajua maboma yao yote. Tukaenda kwao, wakatupatia orodha. Fomu ikageuzwa: sista anachagua kijiji, majina ya wazee wa maboma yanatokea, anayasoma, mama anaitikia kwa kichwa mzee wake akifikiwa. Nyota nyekundu ikafutwa. Apolot aliifuta mwenyewe, akaniita nije nione inavyopotea.

Siku ya kliniki ilipofika, tulipoingia uani nilimwona mzee wa Nabuyoga ameketi kwenye benchi la mwisho, fimbo kati ya magoti. Habari mbaya hazihitaji mtandao. Zilikuwa zimemfikia kwamba mashine ya mke wa mwanawe imefukuza wanawake. Apolot alimwona pia. Alipiga magoti kwa mbali kumsalimu, kama desturi, akaingia ndani kuchomeka kebo.

Mimi nilikwenda kuketi karibu na mzee. Sikumficha kitu. Nilimweleza kuhusu nyota, kuhusu benchi lililotazama sakafu, na kuhusu yule mama aliyeondoka. Alisikiliza akichora vumbi kwa fimbo.

"Kwa hiyo jina langu lilikuwa kwenye mashine siku zote," akasema.

"Lilikuwepo. Aliliandika yeye."

"Na pale njiani alipoambiwa anitaje ndipo kazi ikubaliwe?"

"Hakukutaja."

"Na hapakuwa na mtu wetu wa kusikia?"

"Nilikuwepo mimi, na karanga."

Ndani, Nabwire alikuwa ameketi mbele ya Sista Grace. Alikuwa amerudi, tumbo limeshuka, uso haujaamua bado. Sista akachagua kijiji. "Leo sikuulizi," akamwambia. "Mimi nasoma, wewe sikia tu." Akasoma majina kwa lafudhi yake ya magharibi, akiyavunja vunja, na akina mama wakaanza kucheka, kwa sababu hakuna aliyewahi kusikia wakwe zake wakitamkwa vibaya namna ile. Katikati ya kicheko Nabwire akaitikia kwa kichwa. Sista akabonyeza. Programu ikasonga.

Halafu, Mungu naye ana utani wake, mtandao ukakatika. Mwenyekiti wa kamati akakunja uso. Apolot alinitazama, na najua sote wawili tulikuwa tunaona fimbo ya Owora ikishuka. Lakini programu ilikuwa imefundishwa kungoja. Ilishika taarifa ya Nabwire, ikajaribu, ikangoja, ikajaribu tena, na mtandao uliporudi neno likatokea kwenye skrini: imepokelewa. Muda si muda simu ya kituo ikalia. Walikuwa watu wa hospitali, wanasema mama Nabwire wamempata, mara moja tu, na boma lake.

Mwenyekiti alisoma skrini kwa muda mrefu. "Hii muiwache hapa," akasema, akatoka kwenda kwenye samaki zake.

Akina mama wakapiga vigelegele. Nilipogeuka, mzee alikuwa amesimama mlangoni. Apolot alikuwa hatua chache tu kutoka kwake, amekazia macho kibodi. Mzee akanisemesha mimi, kama kawaida, huku ametazama ukuta.

"Mwalimu, umwambie mke wa mwanangu kwamba lile jembe nimempa mtu mwingine. Ukuta uko wazi."

Apolot alikuwa anasikia kila neno, na mzee alijua anasikia. Lakini heshima ni heshima, nikageuka nikamwambia, "Apolot, baba anasema jembe amempa mtu mwingine." Apolot hakuinua kichwa. Mabega yake ndiyo yaliyotikisika. Mimi nililia waziwazi, tena kwa sauti, na Barasa akanipa leso yake chafu, na nikaitumia.

Namshukuru mzee yule, amelala sasa, Mungu amrehemu. Namshukuru Owora, na Sista Grace, na Nabwire aliyeuliza swali ambalo sisi wote tuliosoma kompyuta hatukuwa tumeliuliza. Mtoto wake alizaliwa, na hafahamu kwamba aliwahi kukwamisha mashine.

Mengine mnayajua. Apolot ndiye anayeongoza chumba sasa, na ndiye aliyewapanga nyinyi mniage. Mlipoleta ile zawadi ndefu iliyozungushiwa magazeti nilidhani ni mkongojo wa uzee, nikaanza kukasirika kimoyomoyo. Kumbe jembe! Mkaangua kicheko, na Apolot akapiga magoti akanikabidhi, akasema, "Madam, lako limening'inia siku nyingi." Nikajibu kwamba mchagua jembe si mkulima, nikalipokea kwa mikono miwili.

Nyinyi hamkuuona mpini kwa karibu. Amechoma kwa moto jina langu, Taaka, lote, wazi, kwa sababu mimi si mkwe wa mtu na kila mdomo unaruhusiwa kunitaja. Na mbele ya jina, kwa rangi ya kucha, amechora nyota nyekundu, ile ya usipojaza hapa haisongi.